Babu wa Morant Bay: Jamaika, mwaka 1865

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa Tanga. Kijana wangu ameoa Birmingham, na mkwe wangu ni mtu wa asili ya Jamaika. Mwaka huu nilikwenda kumwona mjukuu, nikakutana na bibi mzaa mama wa mkwe wangu, ana miaka 91. Aliniambia babu wa mama yake alinyongwa na Waingereza mwaka 1865 mahali panaitwa Morant Bay, na kwamba siku ya ile vurugu hata hakuwepo. Niliporudi nikamhadithia shemeji yangu, ni msomi. Akasema hao walikuwa wahuni, walichoma mahakama na kuua watu. Akasema utumwa ulikuwa umekwisha zamani, kwa hiyo walikuwa wanadai nini? Tena ati Malkia ilibidi aichukue nchi mwenyewe ili awasaidie. Tangu siku hiyo nina donge. Inawezekana kweli mtu anyongwe hana kosa, chini ya sheria ya Kiingereza? Huyo babu anaweza kupatikana kwenye kumbukumbu? Na wajukuu nitawaambia nini?"*

Shikamoo mama. Pole kwa hilo donge, na asante kwa kulileta badala ya kulimeza. Nimefundisha historia ya visiwa vya Karibi miaka mingi, na swali la mwaka huo huja kwangu mara kwa mara, lakini ni nadra kuja kutoka kwa mtu ambaye damu ya mjukuu wake imo ndani yake.

Nianze na linalokuumiza zaidi. Ndiyo, inawezekana. Mtu ambaye hakukanyaga Morant Bay siku ya vurugu aliweza kunyongwa, na hilo lilitokea mbele ya macho ya serikali. Mfano mmoja unajulikana kwa jina, siku na saa, nami nitakueleza. Shemeji yako ana jambo moja la kweli: mahakama ilichomwa, na watu waliuawa na umati. Hilo tusilifiche. Mengine aliyokwambia hayasimami.

Tuanze na hili la utumwa kwisha. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834, na Jamaika peke yake ilikuwa na watumwa wapatao 311,000. Ila hawakuachiwa siku hiyo. Waliwekwa kwenye kipindi kilichoitwa cha uanagenzi, wakaendelea kumfanyia bwana yuleyule kazi ileile bila ujira kwa saa nyingi za juma, hadi 1 Agosti 1838. Serikali ya London ilitenga fidia ya pauni milioni 20, pesa nyingi mno kwa wakati ule, na ililipwa kwa wenye watumwa. Deni lililotokana na malipo hayo halikumalizika kulipwa hadi 2015, kwa hiyo hata kijana wako, kama alikuwa akikatwa kodi Uingereza kabla ya hapo, naye amechangia. Walioachwa huru hawakupewa pesa, wala ng'ombe, wala hata hatua moja ya ardhi.

Wewe ni mtu wa Tanga, utanielewa upesi. Unawajua manamba wa mkonge. Fikiria manamba aliyezaliwa shambani, nyumba anayolala ni ya mwenye shamba, migomba aliyopanda nyuma ya nyumba iko kwenye ardhi ya mwenye shamba. Siku moja anaambiwa, "Sasa uko huru, na kuanzia leo utalipa kodi ya hiyo nyumba." Baadhi ya mashamba ya miwa ya Jamaika yalitoza kodi hiyo kwa kila kichwa ndani ya nyumba, mke na watoto pia, kisha yakaikata kwenye ujira. Ndiyo maana watu wengi walihama mara tu walipoweza. Wengine walisaidiwa na wamisionari wa Kibaptisti kununua vipande vidogo, wengine wakapanda milimani ambako miwa haistawi, wakalima viazi vikuu, ndizi na kahawa kidogo. Kijiji cha Stony Gut, juu ya mji wa Morant Bay katika wilaya ya Mtakatifu Thomas Mashariki, kilikuwa cha namna hiyo. Watu wake hawakuwa wahuni. Walikuwa wakulima wenye viunga vyao, wengine wenye farasi, na walikuwa na kanisa lao wenyewe.

Kisha sukari ikaporomoka. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza liliamua kuondoa hatua kwa hatua upendeleo wa ushuru uliokuwa ukiilinda sukari ya makoloni yake. Sukari ya Kuba na Brazili, ambako utumwa ulikuwa bado upo, ikaingia soko la London kwa bei ambayo mashamba ya Jamaika hayakuiweza. Mengi yalifungwa. Yaliyobaki yalibana ujira, na yakatafuta vibarua wa mkataba kutoka India ili wenyeji wasipate nguvu ya kudai nyongeza. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani, ambako ndiko unga na bidhaa nyingi zilikokuwa zikitoka, na bei za chakula na nguo zikapanda. Juu ya hayo, ukame. Ifikapo mwanzo wa 1865 watu wa Mtakatifu Thomas walikuwa na kazi siku chache kwa juma, ujira mdogo, na duka ghali.

Lakini njaa peke yake haichomi mahakama. Mama, naomba unifuate hapa, maana ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe.

Jamaika ilikuwa na Baraza lake la kuchaguliwa tangu 1664. Lilikuwa na miaka 200. Ila haki ya kupiga kura ilifungwa kwenye mali na kodi, na katika nchi ya watu zaidi ya 440,000, waliokuwa na kura hawakufika 2,000. Mahakimu wa wilaya nao wengi walikuwa wenye mashamba au mawakili wao. Kwa hiyo kibarua aliyedhulumiwa ujira wake na mwenye shamba alimpeleka kushtakiwa mbele ya jirani yake mwenye shamba, ambaye kesho yake naye angeweza kuwa na kesi kama hiyo. Ada za mahakama zilikuwa juu. Na mwaka huohuo wa 1865 likapitishwa tena pigo la viboko kwa wizi wa mazao shambani. Hebu jiweke mahali pa mtu ambaye mama yake alichapwa viboko utumwani, naye anasikia viboko vimerudi kwa jina la sheria.

Alikuwepo mtu mmoja aliyejaribu kuitumia milango hiyo ya serikali kwa uaminifu wote. Jina lake George William Gordon. Baba yake alikuwa Mskochi mwenye mashamba, mama yake mtumwa. Alijisomea, akafanya biashara, akawa hakimu na mjumbe wa Baraza. Mwaka 1862 alilalamika rasmi juu ya hali ya mahabusu ya Morant Bay, ambamo maskini mgonjwa alikuwa ameachwa. Gavana, Edward John Eyre, akamvua uhakimu Gordon. Mlalamikaji ndiye aliyeadhibiwa. Hata hivyo aliingia tena Barazani kwa kiti cha Mtakatifu Thomas Mashariki, na miongoni mwa waliompigia kampeni alikuwemo shemasi wa Kibaptisti wa Stony Gut, mmoja wa weusi wachache waliotimiza masharti ya kura. Huyo ni Paul Bogle.

Sasa ufuatane na mwaka wenyewe, uone ni milango mingapi ilibishwa.

Januari, Dakta Edward Underhill, katibu wa chama cha wamisionari wa Kibaptisti kilichokuwa London, alimwandikia Waziri wa Makoloni, Edward Cardwell, kwamba watu wa Jamaika wana njaa, hawana kazi, na wanaonewa kwa kodi na mahakama. Waziri aliipeleka barua kwa Eyre atoe maelezo. Eyre akaisambaza kwa mahakimu na makasisi waijibu, na barua iliyokuwa ya siri ikawa gumzo la kisiwa kizima. Watu wakaanza mikutano ya hadhara kusema, "Aliyoandika ni kweli."

Aprili, wakulima maskini wa wilaya ya Mtakatifu Ann walimwandikia Malkia Victoria. Waliomba ardhi ya serikali waikodi na kuilima kwa ushirika, wajilishe. Eyre aliituma kwa maneno yake ya kuiponda, na jibu likarudi kwa jina la Malkia. Lilisema, kwa ufupi, kwamba ustawi wao unategemea kuwafanyia kazi wenye mashamba kwa bidii na bila kukatiza, kwa ujira, si kufanya kazi pale wanapojisikia. Nakala 50,000 zilichapishwa, zikabandikwa ukutani na kusomwa makanisani, kwa kichwa cha habari kilichoita maneno hayo ushauri wa Malkia. Wazee wengi walikataa kuamini kwamba Malkia aliyewapa uhuru ndiye aliyeandika hayo. Walisema Eyre ameghushi. Mimi huona hapo jinsi walivyokuwa bado na imani naye.

Agosti, Bogle na ujumbe wake walitembea kwa miguu kutoka Stony Gut hadi Spanish Town, uliokuwa mji mkuu, kilomita zipatazo 70, ili wamweleze gavana malalamiko yao uso kwa uso. Hawakupokelewa. Wakarudi kwa miguu.

Kwa hiyo, kabla ya jiwe la kwanza kurushwa, zilikuwa zimejaribiwa kura, barua, mikutano, maombi kwa Malkia na safari ya miguu. Shemeji akiuliza walikuwa wanadai nini, hayo ndiyo. Walidai ardhi ya kulima kwa kukodi, hakimu asiye mshitaki, na mtu wa kuwasikiliza.

Jumamosi tarehe 7 Oktoba ilikuwa siku ya mahakama Morant Bay. Katika kesi moja mtu mmoja alipaza sauti kumwambia mshtakiwa asilipe gharama za kesi. Polisi wakataka kumkamata, watu wakamtoa mikononi mwao. Ilikuwapo pia siku hiyo kesi ya Lewis Miller, ndugu yake Bogle, juu ya kuingilia shamba la Middleton, ardhi ambayo wanakijiji walikuwa wakibishania. Baada ya siku mbili zikatolewa hati za kuwakamata watu 28, Bogle akiwemo. Jumanne polisi walipanda Stony Gut kumchukua. Wanakijiji waliwazidi nguvu, wakawaapisha kwamba watakuwa upande wao, kisha wakawaachia.

Siku hiyohiyo Bogle na wenzake waliandika barua kwa gavana. Hii barua, mama, kila mwaka nikiisoma na wanafunzi darasa hunyamaza. Wanajiita raia watiifu wa Malkia. Wanaomba ulinzi wake. Wanasema wakinyimwa watalazimika kujibeba wenyewe, kwa maana wameonewa kwa muda wa miaka 27 huku wakitii sheria za Malkia na za nchi, na hawawezi kustahimili tena. Toa 27 kwenye 1865, unapata 1838. Walikuwa wakihesabu tangu siku ya uhuru. Kwa wao utumwa haukuwa umekwisha "zamani".

Jumatano tarehe 11 Oktoba halmashauri ya wilaya ilikuwa inakutana ndani ya jengo la mahakama. Mamia ya watu waliteremka kutoka milimani wakiwa na mapanga na fimbo, ngoma zikilia, kome za baharini zikipulizwa kama mbiu ya mgambo. Walipita kwanza kituo cha polisi wakachukua silaha. Mkuu wa wilaya, Baron von Ketelhodt, alitoka kizingitini akawasomea ilani ya kuwataka watawanyike. Mawe yakarushwa, mashahidi walisema wanawake ndio walioanza. Askari wa kujitolea, wachache waliokuwa wamepangwa mbele ya jengo, wakafyatua. Watu saba wakaanguka. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuuzuia umati. Walichoma nyumba ya shule iliyokuwa karibu, moto ukashika paa la mahakama, na waliokuwa ndani wakalazimika kutoka. Watu 18 wa upande wa serikali waliuawa siku hiyo, Ketelhodt akiwa mmojawapo. Baadhi waliuawa wakijaribu kukimbia, na waliuawa vibaya. Wengine waliachiwa, akiwemo daktari, kwa kuwa watu walimjua kwa wema. Siku mbili tatu zilizofuata mashamba kadhaa ya jirani yalivamiwa na watu wengine wakauawa.

Hapo ndipo ukweli wa shemeji unapoishia. Hakukuwa na njama ya kisiwa kizima. Eyre aliamini hivyo, au alitaka iaminiwe hivyo, na baadaye ikachunguzwa kwa miezi bila kupatikana.

Tarehe 13 Oktoba alitangaza sheria ya kijeshi katika mkoa wa Surrey, upande wa mashariki, isipokuwa mji wa Kingston. Ilidumu mwezi mzima. Askari walipopanda milimani hawakukuta jeshi, wala ngome, wala upinzani wa kupangwa. Walikuta vijiji. Na kwa mwezi huo mmoja, kwa hesabu ya tume ya Malkia yenyewe, waliuawa watu 439. Kati yao 354 walihukumiwa na mahakama za kijeshi, na 85 waliuawa bila hukumu yoyote, wengine wakipigwa risasi njiani walipoonekana wanakimbia. Zaidi ya hao, watu wasiopungua 600 walichapwa viboko, wanawake wakiwemo. Mahali panapoitwa Bath walitumia mijeledi iliyosokotwa na waya. Nyumba 1,000 zilichomwa moto.

Unauliza iliwezekanaje chini ya sheria ya Kiingereza. Iliwezekana kwa sababu sheria ya kijeshi ilisimamisha vitu vitatu kwa pamoja: mahakama ya kawaida yenye wazee wa baraza, muda wa kutafuta shahidi, na rufaa. Mtu aliletwa asubuhi, akasikilizwa na maofisa vijana wasiojua sheria, shahidi mmoja akasema, "Nilimwona," na shahidi huyo mara nyingine alikuwa mfungwa anayejitetea asinyongwe yeye. Jioni alikuwa amekwisha kunyongwa. Kuwa na asili ya Stony Gut, kukutwa na kitu kilichodhaniwa cha wizi, au kuwa na adui kijijini, kulitosha. Katika mashine kama hiyo mtu asiye na kosa hakuhitaji bahati mbaya kubwa ili aangamie.

Na mfano niliokuahidi ni Gordon mwenyewe. Tarehe 11 Oktoba alikuwa Kingston, mgonjwa, mbali kabisa na Morant Bay. Kingston haikuwa chini ya sheria ya kijeshi. Angekamatwa na kushtakiwa pale, angepata mahakama ya kawaida, na ushahidi uliokuwepo usingemtia hatiani. Eyre alilijua hilo. Tarehe 17 Gordon alijisalimisha mwenyewe. Gavana akampakia kwenye manowari Wolverine, naye akasafiri humohumo, akampeleka Morant Bay ambako sheria ya kijeshi ilikuwa inafanya kazi. Jumamosi tarehe 21 akahukumiwa na maofisa watatu, wawili wa majini na mmoja wa nchi kavu. Jumatatu asubuhi aliambiwa amebakiwa na saa moja. Saa hiyo aliitumia kumwandikia mkewe barua. Kama mjumbe wa Baraza, mwenye mali na marafiki London, alinyongwa hivyo, sioni kwa nini tumkatalie yule bibi wa miaka 91 anaposema kwamba mkulima asiyejulikana alinyongwa hivyohivyo.

Bogle alinyongwa siku ya pili yake, tarehe 24. Waliomkamata walikuwa Wamarooni, na hapa nakuonya, mama, kwa sababu mkiwa mezani Birmingham jambo hili linaweza kuleta maneno. Wamarooni ni wazao wa watumwa waliotoroka na kupigana na Waingereza hadi wakapata mkataba wa amani mwaka 1739 na maeneo yao wenyewe. Mkataba huo uliwataka kurudisha watoro na kusaidia kuzima maasi. Mwaka 1865 waliutimiza, na katika wale 85 waliouawa bila hukumu, 25 waliuawa na wao. Zipo familia Jamaika zenye damu ya pande zote mbili. Usiulize swali hilo kama la kesi. Lisubiri lije lenyewe.

Kuhusu Malkia kuichukua nchi ili awasaidie weusi, mambo yalikuwa kinyume. Mwishoni mwa 1865, huku vijiji vikiwa bado majivu, Eyre aliwatisha wajumbe wa Baraza kwamba siku moja weusi watapata kura za kutosha na kulitwaa. Baraza lenye miaka 200 likapiga kura ya kujifuta lenyewe. Mwaka 1866 Jamaika ikawa koloni la Taji, inayotawaliwa na gavana na watu aliowateua. Nikiri kwamba gavana aliyefuata, Sir John Peter Grant, alifanya mambo yaliyowafaa maskini: alianzisha mahakama za wilaya zenye mahakimu wa kulipwa, akaboresha matibabu na shule. Ni mambo yaleyale Bogle aliyotembea kilomita 70 kuyaomba. Lakini mlango wa kura ulifungwa. Baadhi ya viti vya kuchaguliwa vilirudi 1884, na kura kwa kila mtu mzima haikuja hadi 1944.

Hata Waingereza wenyewe waligawanyika. Tume iliyoongozwa na Sir Henry Storks ilisikiliza mashahidi zaidi ya 700 mwanzoni mwa 1866, ikasema wazi kwamba adhabu ya kifo ilitolewa mara nyingi kupita haja, viboko vilikuwa vya kupindukia na vya Bath vya kinyama, na uchomaji nyumba ulikuwa wa ukatili usio na sababu. Eyre aliondolewa. Mwanafalsafa John Stuart Mill na wenzake, akiwemo mwanasayansi Charles Darwin, walitaka ashtakiwe kwa mauaji. Waandishi Thomas Carlyle na Charles Dickens walikuwa upande wa kumtetea. Hakutiwa hatiani, na baadaye alilipwa pensheni yake. Jamaika huru iliwatangaza Bogle na Gordon kuwa mashujaa wa taifa mwaka 1969. Jengo la Bunge lao linaitwa Gordon House.

Sasa tumtafute babu. Msianze na vyeti. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo Jamaika ulianza 1878, kwa hiyo aliyefariki 1865 hana cheti, na mtu yeyote wa mtandaoni anayewaambia atawauzia cheti hicho msimpe pesa. Vitabu vya parokia vya Kanisa la Kianglikana vipo, ila Wabaptisti wenyeji kama wa Stony Gut mara nyingi hawamo. Mahali panapofaa ni karatasi za ule mwaka: taarifa ya tume pamoja na ushahidi, iliyochapishwa 1866, na barua za gavana zilizoko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika fungu linaloitwa CO 137. Kew si mbali na Birmingham, kusoma ni bure, na wafanyakazi wa chumba cha kusomea wamezoea kuwaelekeza wageni. Kijana wako na mkewe waende wenyewe. Kwa Jamaika, ofisi ya nyaraka iko Spanish Town, na huko ni afadhali kumtumia mtafiti wa nasaba mwenyeji, mkubaliane malipo kwanza, maana majina yaliandikwa kwa masikio ya makarani na mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu.

Niseme kweli, mnaweza msimpate. Wale 85 wengi wao hawakuandikwa vizuri. Hata kati ya waliohukumiwa, jina peke yake halitoshi. Mtakuta watu wawili wenye jina moja. Kitakachowatenganisha ni kijiji. Kwa hiyo jambo la kwanza si Kew bali ni kumkalia bibi, kwa ruhusa yake na ya mkwe wako, na simu ya kurekodi mezani. Mwulizeni babu alikuwa anakaa wapi: Stony Gut, Bath, Manchioneal, Somerset? Alikuwa na farasi au punda? Alisali wapi? Nani alimsimulia, na mwenye kusimulia alikuwa na umri gani wakati huo? Mwili ulizikwa wapi, au haukurudishwa? Asihojiwe kama shahidi. Akichoka, mwacheni. Akilia, zimeni simu.

Mwulizeni pia kama kwao walikuwa wanacheza Kumina. Baada ya utumwa kukomeshwa, maelfu ya Waafrika waliookolewa kwenye meli za biashara ya watumwa walipelekwa Jamaika kama vibarua wa mkataba, na wengi wa waliokaa Mtakatifu Thomas walitoka upande wa Kongo. Ibada yao ya Kumina ipo hadi leo, na katika nyimbo zake yamo maneno ya Kikongo; Mungu humwita Nzambi. Kikongo na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu. Yule bibi akianza kukuimbia, sikiliza kwa sikio la nyumbani, kuna neno utalitambua.

Na wajukuu, waambie kama ulivyoambiwa: jina la babu, jina la mahali, na mwaka. Wakiuliza kama walichoma mahakama, waambie ndiyo, ilichomwa, na watu walikufa pande zote mbili. Wakiuliza kwa nini, waanzishie kwenye zile kilomita 70 za Agosti. Wanaokulia Birmingham wanaweza kupima umbali huo wenyewe kwenye ramani.

Ukishapata jina la kijiji, niandikie tena mama. Ila fanyeni haraka kidogo upande wa bibi. Karatasi za Kew hazina miaka 91 ya kuhesabu.